KIJIJI CHA ZERMATT, WAKATI WA THELUJI NA WAKATI WA JOTO

Katika nchi ya Uswisi, kati ya milima ya Alps, kipo kijiji kiitwacho Zermatt. Kimo chake ni kadiri ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na juu yake umesimama mlima Matterhorn, wenye mita 4,478, uliochongoka kama pembe. Mgeni ajaye kwa motokaa huiacha katika kijiji cha Täsch akamaliza safari kwa treni, maana motokaa za petroli hazina ruhusa kuingia. Humo huenda magari madogo ya umeme.

Sisi huiona theluji kwa mbali, juu ya Kibo. Huko haikai mbali: mwezi wa Desemba huwa imekwisha fika mlangoni. Jua huchelewa kutoka, hata kupita saa mbili ya asubuhi, na watu huamkia kazi ya kuondoa theluji njiani kwa majembe mapana. Wageni nao hufunga miguuni mbao mbili ndefu, nyembamba, zilizopinda ncha zake, wakashika fimbo mbili, wakateleza mtelemkoni upesi kuliko farasi. Kupanda hawapandi kwa miguu; huchukuliwa katika vyumba vidogo vining'iniavyo kwenye kamba za chuma.

Lakini theluji ikizidi, huporomoka kutoka mlimani ikafunika kila kitu. Mwezi wa Januari 2018 njia na reli vilifungwa kwa hatari hiyo, wageni wapatao 13,000 wakazuiliwa kijijini. Wengine walitolewa kwa helikopta.

Hata majira ya joto yafikapo, malisho huwa kijani, yamejaa maua. Ng'ombe hupelekwa juu, na majani hukatwa na kukaushwa yawe chakula chao wakati wa baridi. Zipo bado ghala za kale za mbao, zimesimama juu ya miguu, na juu ya kila mguu limewekwa jiwe la duara, pana, ili panya asipate kupanda kula nafaka. Mzee wa kwetu ajengaye ghala angeufahamu werevu huo mara moja.

Wakati huo ni vizuri kupanda treni ya Gornergrat, iliyofunguliwa mwaka 1898, ifikayo mita 3,089. Kutoka huko mtu huona mto mkubwa wa barafu, uendao polepole sana hata jicho lisitambue. Kila mwaka barafu hiyo hupungua, kwa kuwa hewa ya dunia imezidi joto.

Zamani wageni walikuja majira ya joto tu, na wengi walitaka kupanda milima. Tarehe 14 Julai 1865, Mwingereza Edward Whymper na wenzake sita walifika kilele cha Matterhorn, wa kwanza kabisa. Walipokuwa wakishuka, wote wamefungwa kamba moja kwa mwingine, mmoja aliteleza akawavuta watatu. Kamba ikakatika. Wanne wakaanguka wakafa. Whymper akarudi pamoja na waongozi wawili, baba na mwanawe. Kipande cha kamba ile kimewekwa katika nyumba ya makumbusho kijijini. Ni chembamba.