Nguo ya Ndani kwa Mwenda kwa Miguu: Ukavu Ndio Kinga

Katika bonde la Mto Pangani, kuanzia mashamba ya mkonge ya Hale hadi njia zinazopanda milima ya Usambara, joto na unyevu humtoa jasho kila atembeaye mwendo mrefu. Jasho likikaa kinenani, ngozi hulainika, msuguano huichubua, na fangasi hustawi.

Pamba hufyonza jasho na hukawia kukauka. Yafaa kwa mwendo mfupi. Kwa safari ya siku kadhaa, boksa nyepesi ya poliesta au nailoni, inayoshika mapaja bila kuyabana, hukauka upesi na hupunguza michubuko. Mbili zatosha: moja mwilini, nyingine imefuliwa. Ianikwe juani hadi ikauke kabisa, kwani nzi fulani hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na mabuu yake huingia ngozini. Pasi ya moto huyaua.

Ukiona choa kinenani, epuka krimu zilizochanganywa na steroidi: mwasho hutulia, lakini fangasi huzidi kuenea. Dawa ya fangasi, kama klotrimazoli, isikatizwe mara mwasho unapokoma; ipakwe hadi utimie muda ulioelekezwa na mhudumu wa afya.