Kamioni imefika wapi? Somo tunalopata kwa wapenda-redio



Musimu mumoja wa mavuno nilikaa na wanamemba pembeni ya barabara, na vitunga vya nyanya, toka asubui mpaka jua kuzama. Kamioni ilikuwa imekwama mu matope mbali na sisi, mahali rezo haiko. Hatukujua. Kama tungejua, tungeziacha nyanya shambani. Karibu nusu tulitupa.

Leo tuangalie ginsi wengine walijibu swali hilo kwa redio.

1. Ilianza namna gani?

Mu Marekani kulikuwa injinia mumoja, Bob Bruninga, mupenda-redio. Wapenda-redio ni watu wanaofanya redio kwa kujifunza na kusaidia, hapana kwa biashara. Mu 1984 alitumia kompyuta ndogo ya nyumbani kufuata farasi mu mashindano ya kilomita 160. Kazi hiyo ilikomaa, leo inaitwa APRS.

2. Inafanya kazi ginsi gani?

Ndani ya gari kuko vitu vitatu. GPS inasikia satelite na kujua mahali gari liko. Modemu inageuza namba za GPS kuwa sauti. Redio ya VHF inatupa sauti hiyo hewani kwa nukta moja ao pungufu, kisha inanyamaza. Mu Ulaya wengi wanatumia njia moja, 144.800 MHz. Haiombi rezo wala inite.

Lakini VHF haipiti mulima. Njo maana wanaweka redio ingine juu ya kilima: inasikia habari, inairudilia. Ni kama vile mutu wa bondeni anaita, na wa kilimani anapeleka sauti ngambo ingine.

Shika hili: gari linatuma bila kungojea jibu. Magari mawili yakisema pamoja, habari inaweza kupotea. Kwa hiyo alama ikibaki pahali pamoja mu karte, usiseme mbio gari limesimama. Angalia kwanza saa ya habari ile. Pengine gari liko tu nyuma ya mulima.

3. Mbele ya kununua, fikiri mara mbili

Sheria: mupenda-redio anapaswa kuwa na ruhusa ya serikali, na haruhusiwi kufanyia biashara. Kamioni ya mazao ya kuuzisha ni biashara. Koperative inapaswa kuomba ruhusa ya aina ingine.

Usalama: wapenda-redio hawaruhusiwi kuficha maneno yao. Kila mwenye redio anasikia. Mu barabara zetu zingine, kutangaza mahali kamioni yenye mali iko ni kuita wezi. Mwenye kukuuzia chombo hatakuambia hilo.

4. Tunachoweza kuanza leo

Chombo tukiache, tuchukue desturi yake: habari fupi, kila mara kwa mupango ule ule. Nani, wapi, saa ngapi, hali gani.

– Chagueni pamoja na shofere pointi tatu ao ine zenye rezo: daraja, soko, kilima.
– Kwa kila pointi atume maneno mafupi: «Kamioni 1, daraja, saa ine na nusu, tunaendelea.»
– Habari iende kwa mutu mumoja tu, anayeaminiwa. Aiandike mu kaye pamoja na saa. Asiitangaze sokoni.
– Pataneni saa ya mwisho kwa kila pointi. Ikipita bila habari, munachukua kamioni kuwa imechelewa.
– Nyanya na mboga zisivunwe mbele ya habari ya pointi ya mwisho. Viazi na maharagi vinaweza kungoja, nyanya haingoji.

Maulizo ya mukutano

Barabarani kwenu, rezo inapotea wapi na inarudia wapi? Nani atachunga kaye? Mavuno yaliyopita, vitunga ngapi vilioza mukingoja? Andikeni hesabu hiyo mu ukurasa wa kwanza wa kaye. Musimu ujao mutaona kama imepunguka.