Mdogo wangu wa Koboko, chora nukta kwanza

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Unachunguza umbali kutoka nyumbani hadi kituo cha afya, na mara ngapi mjamzito amehudhuria kliniki. Msimamizi kakwambia utumie regresheni ya mstari, kompyuta imekutolea namba, na sasa unataka kuandika kwamba umbali ndio unaowazuia kina mama. Subiri kidogo, tuongee.

Mstari usikutishe, unaujua tangu ulipoanza kupanda boda. Tuseme nauli inaanzia shilingi 1,000 hata ukishuka hapo mbele tu, kisha kila kilomita inaongeza 500. Ile 1,000 ni mahali mstari unapoanzia, na 500 ni mteremko wake. Kilomita 4, unalipa 3,000. Lakini madereva hawatozi sawa: huyu anakufahamu, yule kaona mawingu. Ukiziweka safari zako zote kwenye grafu, nukta zitatawanyika. Regresheni hupima kila nukta iko juu au chini ya mstari kwa kiasi gani, huzidisha kila pengo kwa lenyewe, hujumlisha, kisha huchagua mstari wenye jumla ndogo kuliko yote. Njia hiyo ilichapishwa na Mfaransa Legendre mwaka 1805.

Sasa angalia: pengo likizidishwa kwa lenyewe, nukta moja iliyojitenga mno inaweza kuuvuta mstari wote upande wake. Ndiyo maana nakuomba uchore nukta zako kwa mkono kabla ya kuamini namba yoyote. Pengine kuna mama wa huko Oraba, mbali kabisa, aliyehudhuria mara nane kwa sababu dada yake ni mkunga. Usimfute! Rudi kwenye daftari umsome vizuri. Na kama kina mama wote uliowahoji wanakaa ndani ya kilomita 10, usiuburute mstari hadi kilomita 25. Huko hukufika.

Kuhusu neno "unaowazuia", nikupeleke Kuluva, nje kidogo ya Arua. Daktari Ted Williams alifanya kazi katika hospitali ya huko. Mwaka 1961 yeye, Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago na Cliff Nelson walisafiri kwa gari zaidi ya kilomita 15,000 hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kuhusu uvimbe wa taya, saratani iliyokuwa ikiua watoto wetu. Walichokiona kilipangika vizuri: karibu na ikweta, juu ya mita 1,500 hivi, ugonjwa ulitoweka. Urefu wa mlima na ugonjwa vilikwenda pamoja. Lakini je, mlima unamkinga mtoto? Walipozidi kushuka kusini, mpaka ule nao ukashuka. Kumbe baridi ndiyo iliyokuwa ikiuchora, na nyuma ya joto na mvua kulikuwa na mbu. Leo tunajua kwamba malaria inayorudi mara kwa mara, pamoja na kirusi cha Epstein-Barr kilichogunduliwa mwaka 1964, ndivyo vinavyofungua njia ya saratani ile. Mlima ulikuwa umesimama tu mahali pa kitu kingine. Wale madaktari hawakukosea kuuandika. Uliwaonyesha pa kutafuta. Mimi nawapenda kwa kuwa hawakuishia hapo.

Nawe usiishie kwenye umbali. Anayekaa mbali huenda ndiye asiye na nauli, au kijito hufurika akashindwa kuvuka, au mume yuko ng'ambo ya mpaka na hakuna wa kumwachia watoto. Una majibu ya nauli kwenye dodoso lako, umeniambia mwenyewe. Yatazame.

Kwenye ripoti andika hivi: "Kati ya kina mama niliowahoji, kila kilomita iliyoongezeka iliambatana na upungufu wa mahudhurio kwa kiasi hiki kwa wastani." Weka namba yako hapo, na idadi ya kina mama. Halafu nitumie picha ya ile grafu ya mkono kabla hujampelekea msimamizi, nami niione nukta ya yule wa Oraba.