KHABARI YA MWEZI NA SETILAITI
Somo la Ilimu ya Falaki kwa Wanaoanza

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa kila mwezi wa Kiislamu waingia kwa mwandamo, na mwandamo huthubutu kwa ushahidi wa aliyeuona. Basi mwenye kushuhudia asichokijua huharibu saumu ya watu na Idi yao. Kwa hiyo yatupasa kujua majina ya vitu vya mbinguni na tabia zake, japo kwa uchache.

Nyota ni kitu chenye nuru yake chenyewe. Jua nalo ni nyota, ila laonekana kubwa kwa kuwa li karibu nasi kuliko nyota nyingine zote.

Sayari ni gimba lisilo na nuru yake, nalo hulizunguka jua. Dunia yetu ni sayari. Na kadhalika Utaridi, Zuhura, Mirihi na Mshtarii.

Setilaiti ni kitu kiizungukacho sayari, na njia yake huitwa mzingo. Nazo ni namna mbili.

Namna ya kwanza ni ya maumbile, kama mwezi wetu. Mwezi u mbali nasi kiasi cha kilomita 384,400, na nuru yake ni nuru ya jua iliyoupiga ikaturudia. Huizunguka dunia kwa siku 27 na theluthi. Lakini kwa kuwa dunia nayo imo katika kulizunguka jua, tangu mwandamo hata mwandamo ni kama siku 29 na nusu. Ndiyo sababu miezi yetu huwa ya siku 29 au 30. Mirihi ina miezi miwili. Utaridi na Zuhura hazina hata mmoja.

Namna ya pili ni iliyotengenezwa na watu. Ya kwanza ilirushwa na dola ya Kisovieti tarehe 4 Oktoba 1957. Na katika pwani yetu hii, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti kutoka jukwaa lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina la Uhuru, maana siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Na kazi yake ilikuwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo mbali mbinguni.

Sasa tupige mfano. Mtu amesimama Kingolwira jioni ya tarehe 29 Shaabani, milima ya Uluguru iko mkono wake wa kushoto, naye atazama magharibi. Aona nuru. Je, ni mwezi? Na apime kwa mambo mawili.

La kwanza ni umbo. Mwezi mwandamo ni kama uzi mwembamba uliopinda, mgongo wake umeelekea kulikotua jua. Na katika nchi zetu aghalabu hulala kama mashua. Zuhura na setilaiti, kwa jicho tupu, ni nukta tu.

La pili ni mwendo. Setilaiti hukata mbingu kwa dakika chache, na mara nyingi hutoweka ghafula kwa kuingia katika kivuli cha dunia. Mwezi hushuka polepole ukilifuata jua.

Basi aliyeona nukta asiseme ameona mwezi, hata watu wakimsihi. Kukamilisha siku 30 si aibu. Aibu ni kushuhudia kwa dhana. Wallahu aalam.