Kuandika Tangazo la Mtaa Litakalofuatwa: Mwongozo kwa Majirani wa Kasumbalesa

Ukitoka Lubumbashi kwa basi kwenda Kasumbalesa, karibu kilomita 90 za barabara ya taifa namba 1, kuta zitakusemesha njia nzima. Makampuni ya simu yamepaka rangi zao kwenye maduka, bia ya Simba imejaza kuta za baa, makanisa yanatangaza maombi ya usiku. Kwenye ukuta wa lupango, yaani kiwanja chenye uzio, mwenyewe ameandika kwa Kifaransa kwamba hapauzwi. Hatua chache mbele pameandikwa "Défense d'uriner", marufuku kukojoa, na chini ya maandishi hayo ukuta umelowa.

Ninasoma chuo Lubumbashi, na nyumbani ni Kasumbalesa. Kila likizo majirani huniomba niwaandikie tangazo: la kisima, la takataka, la watoto wanaovuka barabara ya malori. Wengi wanadhani kazi ni kupata maneno makali. Mimi naona kazi ni nyingine, na nitaieleza hapa kwa utaratibu ili hata asiyewahi kushika brashi aweze kuifanya.

Swali la kwanza ni hili: tangazo liseme nini? Liseme jambo moja, na liwe jambo ambalo msomaji anaweza kulifanya akiwa amesimama palepale. "Usafi ni afya" hakuna anayekataa, na hakuna anayefanya lolote baada ya kulisoma. Chukua kipindupindu, ugonjwa wa kuhara maji mengi unaoweza kuua mtu ndani ya saa chache. Ulipolipuka Zambia Oktoba 2023, uliua watu zaidi ya 700 katika miezi michache iliyofuata, na Zambia kwetu ni ng'ambo ya lango la mpaka tu. Malori yenye shaba na kobalti kutoka Kolwezi na Likasi hupanga foleni hapa kuelekea Ndola, Dar es Salaam na Durban, madereva wanalala barabarani, wanakula na kunywa barabarani. Ugonjwa huu huingia kwa maji na chakula vilivyoguswa na kinyesi. Basi tangazo la kisimani liseme: "Chemsha mayi haya mbele ya kunywa." Nimeandika mayi kwa sababu ndivyo tunavyosema kwetu, na tangazo la avenyu liandikwe kwa mdomo wa avenyu.

Utaandika kwa lugha gani? Inategemea unamwambia nani. Kisima cha ndani ya kartie, yaani mtaa, Kiswahili chetu kinatosha. Kando ya barabara kuu, ongeza Kibemba, maana kinaeleweka pande zote mbili za mpaka na madereva wengi wa Zambia wanakijua. Kifaransa weka pale unapotaka ofisi ielewe. Ila usirundike lugha tatu kwenye kibao kidogo, herufi zitakuwa ndogo kiasi kwamba hakuna atakayesoma hata moja.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipigania zaidi. Nyumbani kwetu mama hajawahi kubandika karatasi ya kunawa mikono. Aliweka ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni kando ya mlango wa choo, akafunga sabuni kwa kamba isipotee. Wote tunanawa, hata wageni. Kule chuoni tunafundishwa kuhusu hoja, hisia na heshima ya msemaji, na yote ni kweli, lakini sabuni ile imenifundisha kwamba neno likiwekwa mbali na kifaa chake halina nguvu. Kwa hiyo kabla ya kuandika "Usitupe takataka hapa", jiulize jirani azitupe wapi. Kama huna jibu, acha rangi kwanza. Tafuteni pipa, mkubaliane na mwenye mkokoteni siku ya kulimwaga na nani atamlipa, kisha muandike: "Takataka ndani ya pipa. Linabebwa siku ya posho", yaani Jumamosi. Tangazo la kukojoa ni vilevile. Kama kuna choo cha kanisa au cha soko karibu, omba ruhusa, kisha andika "Choo kiko nyuma ya kanisa", na mshale. Kama hakuna choo popote, ukuta utaendelea kulowa hata ukiandika kwa dhahabu, na pesa za rangi zingefaa kuanzia shimo la choo.

Vitisho je? Wengi huongeza faini chini ya marufuku, wengine huandika matusi ya kumwita mpita njia mnyama. Sikubaliani na yote mawili. Faini ambayo hakuna mtu wa kuidai inawazoesha watu kwamba maandishi ya ukutani hayana mwenyewe. Na tusi linasomwa pia na mtoto wako, na mgeni wako, na baba mzee anayepita kwenda kanisani. Anza na kitendo, toa sababu moja inayomgusa msomaji, kisha utaje mtu anayefahamika: "wamama wa avenyu" au "komite ya kisima". Watu humsikiliza wanayemjua.

Ni lazima kuomba ruhusa? Ndiyo, na huanzia karibu. Mwenye ukuta kwanza, hata kama ni rafiki yako. Kisha shefu wa avenyu na shefu wa kartie, ambaye ni mkuu wa mtaa. Nenda asubuhi, uende na maneno yenyewe yameandikwa kwenye karatasi, maana atataka kuyaona. Kwa kibao cha kando ya barabara kuu, shefu wa kartie akuelekeze ofisi ya komini, yaani manispaa, kwa sababu vibao vya barabarani huhesabiwa pamoja na matangazo ya biashara na huweza kutozwa ushuru. Eleza kwamba tangazo lako haliuzi kitu. Ukiambiwa ulipe chochote, omba karatasi ya malipo yenye muhuri, uitunze. Usipake kwenye alama za barabarani, kuta za forodha, wala mahali panapomziba dereva asione mbele. Wala usichore nembo ya serikali au ya shirika lolote bila kupewa ruhusa.

Herufi ziwe na ukubwa gani? Wachora vibao wana kanuni rahisi: kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na urefu wa sentimita 2.5. Anayesoma kisimani akiwa mita 6 atataka herufi za sentimita 5. Dereva ni mambo mengine. Lori linalokwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kila sekunde. Ili asome maneno matano katika sekunde tatu, lazima aanze kuyaona akiwa zaidi ya mita 30, kwa hiyo herufi zifike sentimita 25 au zaidi, na ukuta uwe na mita kama tano za upana. Ndiyo maana tangazo la barabarani liwe na maneno machache sana: "Polepole. Watoto wanavuka." Basi.

Rangi nzito juu ya rangi nyepesi ndiyo inayoonekana, kama nyeusi juu ya njano au buluu ya giza juu ya nyeupe. Nyekundu juu ya buluu humsumbua macho msomaji. Maandishi yaanze angalau mita 1 kutoka chini, kwa sababu mvua hurusha matope, na wakati wa kiangazi vumbi jekundu la malori hufunika sehemu ya chini ya ukuta wote.

Itagharimu kiasi gani? Hesabu kwa vitu kwanza, ndipo pesa. Lita 1 ya rangi ya mafuta hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Ukuta wa mita 2 kwa 2 ni mita za mraba 4. Ukiupaka mara mbili umetumia chini ya lita moja, na nusu lita ya rangi ya pili itatosha herufi. Ongeza brashi mbili, moja pana na moja nyembamba, na mafuta kidogo ya kuzimulia na kusafishia. Kasumbalesa wauzaji hupokea franka, kwacha na dola, kwa hiyo uliza bei kwenye maduka matatu kwa pesa ya aina moja, la sivyo utachanganywa na kiwango cha kubadilisha. Mchoraji mpatane kwa ukuta mzima kabla hajafungua kopo, mpe nusu, nusu nyingine baada ya kazi. Kama mfuko ni mdogo, karatasi ya A4 iliyoandikwa kwa mkono mzuri na kuvishwa nailoni huishi wiki kadhaa chini ya paa. Na tangazo linalosomwa kanisani au msikitini halina gharama.

Wasiojua kusoma tusiwasahau. Lubumbashi ina historia kubwa ya wachoraji wa watu wa kawaida. Tshibumba Kanda Matulu, katika miaka ya 1970, alichora historia ya nchi yetu kwa picha zaidi ya mia, na mara nyingi aliweka maneno ndani ya picha yenyewe. Fuata njia hiyo: sufuria juu ya moto, mvuke ukipanda, kisha kikombe. Mtoto wa miaka mitano ataelewa.

Kabla ya kupaka, jaribu maneno yako. Mwonyeshe mama anayechota maji, dereva mmoja na mtoto wa shule, kila mmoja peke yake. Usimuulize kama ni zuri, maana atasema ndiyo kwa adabu. Muulize, "Ukisoma hapa, utafanya nini?" Asipotaja kitendo, andika upya.

Yahusuyo afya, pita kwanza kwa muuguzi wa kituo cha afya au kwa reko, yule mjumbe wa afya wa mtaa, akague kila tarakimu. Mfano ni maji ya chumvi na sukari ya kumpa anayehara wakati mnampeleka kituoni: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visivyo na kilima. Chumvi ikizidi, mtoto anaweza kudhurika. Na kuchemsha maji maana yake yatokote kwa nguvu dakika 1 kamili, siyo kupata moto tu. Weka mwezi na mwaka pembeni ya tangazo ili watu wajue kama bado lina maana.

Jicho hilohilo ulitumie kwa matangazo ya wengine. Ujumbe wa WhatsApp unaoahidi kazi ya mgodini na kudai pesa ya faili kwanza, uliza nani ameuandika, lini, na ofisi yake iko wapi. Nenda kwa miguu yako ukaione ofisi hiyo kabla ya kutuma hata franka moja. Mwenye kazi ya kweli ana mlango unaoweza kuugonga.

Huku Katanga mvua huanza kushika Novemba, visima huingia maji machafu, na rangi haikauki vizuri ukutani. Kama kisima cha avenyu yako bado hakina tangazo, mwone shefu wa kartie wiki hii, na upake wakati ukuta bado ni mkavu.