Somo la Mwezi: Barafu, Kutoka Mtungi Hadi Friza

Ibra, Sur na Nizwa ni miji ya Oman ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40. Huko utasikia Kiswahili majumbani hadi leo, kwa kuwa familia nyingi ziliishi Zanzibar na bara, kisha zikahamia Oman, hasa baada ya 1964 na 1970. Nao walianza upya kama sisi.

Zamani
Kabla ya umeme, maji yalipozwa kwa mtungi wa udongo uitwao jahla, ulioning'inizwa kivulini penye upepo. Mji wa Bahla, karibu na Nizwa, unasifika kwa ufinyanzi. Maji hupenya polepole kwenye udongo. Yakikauka kwa nje huondoka na joto, na yaliyobaki ndani hupoa. Bibi zetu nao walitumia mtungi hivyo hivyo.

Siku hizi
Baada ya 1970 umeme na barabara vilienea. Sasa barafu huuzwa kwa mifuko madukani, na aiskrimu hutoka kwenye friza. Sur ni mji wa wavuvi. Bila barafu, samaki wanaweza kuharibika kabla ya kufika Ibra.

Kwetu Afrika Mashariki, kinamama huuza barafu za ukwaju na ubuyu mlangoni, na muuza aiskrimu hupita na baiskeli.

Ukitaka kuuza hapa
Wengi wenu mna ujuzi huo, na ni riziki halali. Lakini kumbukeni:
- Baridi haiui vijidudu vyote. Tumia maji safi, na aiskrimu iliyoyeyuka usiigandishe tena.
- Mwambie mnunuzi kama kuna maziwa au karanga. Kwa mtoto mwenye mzio, kuonja tu kunaweza kuhatarisha maisha.
- Uliza kwanza kuhusu kibali. Nchi nyingi hazikuruhusu kuuza chakula cha nyumbani bila kujiandikisha, na faini yaweza kumaliza faida yote. Mhudumu wako atakusaidia kujaza fomu.

Maneno
Barafu: asili yake Kiajemi. Theluji: asili yake Kiarabu, thalj. Ukiwa Nizwa, ukitaka barafu sema thalj.

Maswali ya kujadili nyumbani
1. Kwa nini mtungi hupoza zaidi penye upepo?
2. Kwenu barafu iliuzwaje, na nani aliiuza?
3. Utauliza nini kabla ya kuanza biashara ya chakula?