SOMO LA MKULIMA: MPAKA WA MJI UKIFIKA SHAMBANI



Siku moja mzee wa skimu aliingia afisini kwetu akiwa na hati ya shamba lake imefungwa katika kitambaa. Akasema, "Mwanangu, nasikia mpaka wa mji umevuka mto ukaja upande wetu. Je, shamba langu sasa ni la nani?"

Nikamjibu, "Mzee, shamba ni lako. Keti kwanza." Nikachukua karatasi na kalamu. Mambo niliyomwonyesha siku ile ndiyo somo letu la leo, kwa maana wakulima wengi walio karibu na miji wana swali lilo hilo.

MIJI HUKUA

Tutazame Eldoret. Zamani palikuwa na posta ndogo katika shamba namba 64, na ndiyo sababu wazee huuita mji ule Sisibo. Jina la Eldoret lilitolewa mwaka 1912. Mwaka 1988 mpaka wa mji ulisogezwa mpaka eneo lake likawa karibu kilomita za mraba 148. Watu waliohesabiwa mwaka 2019 walikuwa 475,716. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hati ya kuwa jiji, la tano katika Kenya baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Mahali palipolimwa ngano na mahindi leo pana mitaa na maduka.

Mtaa mmoja hapo ni Langas. Ulikuwa shamba, na kundi la watu walilinunua katika miaka ya 1960 wakaligawanya vipande vipande. Viwanja vilitangulia, mpango ukafuata nyuma. Tangu hapo kazi ya kupitisha barabara, maji na mifereji kati ya nyumba zilizokwisha jengwa imekuwa ngumu na ya gharama. Basi, heri kujifunza kabla mawe ya mpaka hayajapigwa.

MAMBO MATATU, SI MOJA

Watu huchanganya mambo matatu. Yafaa tuyatenganishe.

Kwanza ni MPAKA. Huu waonyesha mji waishia wapi. Kusogea kwake hakumnyang'anyi mtu hati yake, wala mpaka peke yake haukukatazi kulima mahindi. Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 chalinda mali yako. Serikali ikihitaji ardhi yako kwa faida ya watu wote, yapasa ikulipe fidia ya haki, tena bila kukawia. Lakini ukiwa ndani ya mpaka waweza kutozwa kodi ya ardhi ya kaunti, na sheria za mji kuhusu mifugo na majengo zaweza kukufikia. Uliza mapema.

Pili ni MPANGO WA MATUMIZI YA ARDHI. Hii ni ramani isemayo hapa pawe nyumba, hapa maduka, hapa viwanda, hapa shule, hapa kilimo, na barabara ipite hapa. Kabla haijakubaliwa hutangazwa, na wananchi hupewa muda wa kutoa maoni. Ukiona mstari wa barabara umepita juu ya kisima chako, andika barua katika muda ulioonyeshwa kwenye tangazo, uipeleke mwenyewe, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Kunung'unika sokoni si maoni.

Tatu ni RUHUSA ya kugawa shamba au kubadili matumizi yake. Hii yaombwa na mwenye shamba. Hata kama mpango waonyesha nyumba, huwezi kugawa viwanja kwa neno la dalali tu. Kwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, anayeanza ujenzi au ugawaji bila ruhusa ya kaunti aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au vyote viwili.

HESABU YA KIWANJA CHA NANE

Mzee yule alitaka kuuza ekari moja ili amsomeshe mjukuu wake. Dalali alimwambia atapata viwanja 8. Tulipiga hesabu pamoja.

Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Ukigawanya, wapata viwanja 8 na kipande kidogo. Dalali hakukosea kugawanya, bali alisahau njia.

Tuseme kipande hicho kina urefu wa futi 264 na upana wa futi 165. Barabara ya upana wa futi 30 ikipita katikati kwa urefu, yachukua futi za mraba 7,920. Zinabaki 35,640. Kwa eneo hilo huwezi kupata zaidi ya viwanja 7, na pengine umbo la shamba litapunguza kimoja tena. Kiwanja cha nane ndicho barabara. Ukikiuza, walionunua nyuma watapita wapi? Mgonjwa atatolewaje usiku? Nao watakuja kwako, maana wewe ndiwe uliyepokea fedha zao.

KABLA YA KUUZA

1. Zungumza na mke wako au mume wako. Ridhaa yake yahitajika, nayo iwe kwa maandishi.

2. Ikiwa shamba la skimu lina deni la ununuzi lisilokwisha, maliza jambo hilo kwanza.

3. Nenda afisi ya mipango ya kaunti uone ramani kwa macho yako.

4. Tumia mpima ardhi na mtaalamu wa mipango wenye leseni.

5. Kwa ardhi ya kilimo, peleka ombi kwa Bodi ya Ardhi ndani ya miezi 6 tangu mapatano. Pasipo ridhaa ya bodi, mapatano hayana nguvu. Ukiwa ndani ya mpaka wa mji, uliza kwanza kama bodi yahusika.

6. Usipokee arbuni kabla ya kuijua njia.

Mzee alikunja karatasi ya hesabu akaifunga pamoja na hati. Akasema, "Dalali anakuja kesho na fedha. Nitamwambia angoje, sijaongea na mama watoto." Nikamwambia hapo ndipo pa kuanzia.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Je, mpaka wa mji ukisogea, hati yako yabadilika mwenyewe?

2. Kuna tofauti gani kati ya mpango wa matumizi ya ardhi na ruhusa ya kugawa?

3. Pima ekari yako moja. Ukiacha barabara ya futi 30, vitabaki viwanja vingapi? Fanya hesabu hii pamoja na jamaa yako yote.